Neno ni moja, masikio ni mengi: kwa nini kila mutu anasikia kwa namna yake

Siku TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo wanakutana, muji wote wa Lubumbashi unagawanyika. Mpira ukiisha, pita Kamalondo, kisha pita Kenya, uulize watu juu ya ile penalti. Mumoja atakuambia: "Arbitre alituiba, mi mwenyewe niliona na macho yangu." Mwenzake, mwenye alikuwa amekaa hapo tu pembeni yake, atajibu: "Ilikuwa penalti ya wazi kabisa. Weye ulikuwa unaangalia wapi?" Wote wawili walilipa tiketi. Wote wawili wako na macho. Na hakuna kati yao mwenye anasema uongo. Basi waliona mpira mumoja ao waliona miwili?

Mambo ya mpira tunacheka, kesho yake tunakunywa chai pamoja. Lakini swali lenyewe haliishie uwanjani. Katika majimbo yetu, kutoka Haut-Katanga mpaka Ituri, kuko watu wenye walipoteza nyumba na wengine walipoteza maisha juu ya maneno yenye yalisemwa kwa maana moja na yakasikiwa kwa maana ingine. Njo maana tunaandika makala hii: kueleza namna mutu anachukua maneno ya mwenzake, mambo gani yanamufanya asikie hivi na siyo vile, na tufanye nini mbele ya kupeleka neno mbali.

Jicho haliko kamera

Ile habari ya arbitre, kuko watu wa masomo wenye waliichunguza. Mwaka wa 1951, huko Marekani, timu za vyuo vikuu viwili, Princeton na Dartmouth, zilikutana katika mpira wa kimarekani. Mchezo ulikuwa mubaya: muchezaji mukubwa wa Princeton alivunjika pua, na wa Dartmouth mumoja akavunjika muguu. Kiisha, kila upande ulilaumu mwenzake. Walimu wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, walichukua filme ya ule mchezo, wakaionyesha wanafunzi wa pande zote mbili, wakawaomba wahesabu makosa. Filme ilikuwa ileile. Lakini wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliona. Walimu wale waliandika matokeo yao mwaka wa 1954, na wazo lao lilikuwa hili: haiko kwamba watu waliona kitu kimoja na wakakitetea tofauti, kila mumoja aliona mchezo wake.

Mbele ya hapo, mwaka wa 1932, Mwingereza Frederic Bartlett alikuwa ameonyesha jambo la karibu na hilo. Aliwapa watu wa Uingereza hadisi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha waisimulie tena. Kila mara walipoisimulia, hadisi ilifupika na ikageuka kuwa ya Kiingereza. Mtumbwi ukawa mashua tu. Watu wenye walikuwa wanawinda wanyama wa bahari wakawa watu wenye wanavua samaki. Hakuna mwenye alitaka kudanganya. Mahali kitu hakikueleweka, kichwa kilitafuta kitu chenye kinajua, kikakiweka pale.

Njo vile kichwa cha mutu kinafanya kazi. Neno linaingia likiwa nusu, na weye unalimalizia na mambo yenye uko nayo ndani: mambo uliyoishi, mambo ulifundishwa nyumbani, woga wako, hasira yako ya jana. Na unalimalizia mbio sana, hata haujue kama umeongeza kitu.

Muji wa lugha mingi

Hapa kwetu Lubumbashi, kazi hiyo ya kumalizia maneno tunaifanya kila siku, juu muji wenyewe ulizaliwa hivyo. Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910 juu ya shaba. Union Minière na reli walitafuta watu wa kazi mbali: Kasai, Maniema, Rhodesia, Ruanda-Urundi. Kila mumoja alikuja na lugha yake, na kazini, sokoni, kambini, wakakutana katika Kiswahili. Kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama. Walikijenga njiani, kila mumoja akiweka jiwe lake.

Matokeo yake tunayajua. Mama wa Katuba akisema: "Baba alimupika mutoto", watu wa hapa wanajua mutoto alichapwa fimbo. Peleka sentensi hiyohiyo Dar es Salaam, watu watashika kichwa, juu huko kupika ni kuweka chungu kwenye moto. Huyo mama hana kosa, na mutu wa Dar es Salaam hana kosa. Kila mumoja alisikia kufuatana na Kiswahili chake.

Hiyo ya kupika inaisha na kicheko, juu mutu ataona mwenyewe kwamba maana haiingie. Lakini kuko maneno yenye maana zake mbili zote zinaingia. Hapo hakuna mwenye atashituka na kuuliza. Kila mumoja ataenda kwake akijua kama amesikia vizuri.

Tablo ya Generali Janssens

Muwaka wa 1960, tarehe 5 ya mwezi wa saba, uhuru ulikuwa na siku tano tu. Mukubwa wa jeshi, Generali Émile Janssens, Mubelgiji, aliita askari wakubwa huko Léopoldville. Akachukua chaki, akaandika kwenye tablo nyeusi maneno machache ya Kifaransa, yenye maana yake ni hii: mbele ya uhuru ni sawa na nyuma ya uhuru.

Kwa Janssens, maneno yale yalikuwa juu ya nidhamu. Alitaka kusema: siasa imebadilika, lakini jeshi ni jeshi, amri ni amri. Kwa askari, kila kitu kilikuwa tofauti. Force Publique ilikuwa na watu karibu 25 000, na ndani yao hakukuwa officier mweusi hata mumoja. Waliona makarani wa jana wakiwa waziri, wakipanda motokari. Wao walingojea siku yao. Walisoma tablo, wakasikia: ninyi, hamtapata kitu.

Usiku ule ule uasi ulianza, Léopoldville na Thysville. Lumumba alimuondoa Janssens na akapandisha askari wote cheo kimoja, lakini moto ulikuwa umeshapita mbele. Usiku wa tarehe 9 ulifika kwetu Elisabethville, kambi ya Massart, na Wazungu kadhaa waliuawa. Askari wa Ubelgiji waliingia. Tarehe 11, Moïse Tshombe akatangaza kama Katanga inajitenga na Congo. Ile kujitenga iliendelea mpaka mwanzo wa 1963, na wazee wetu walilia ndani yake.

Hatuseme kama tablo moja njo ilileta vita. Kulikuwa siasa, kulikuwa pesa ya shaba, kulikuwa mikono ya inchi za mbali. Na pia hatuseme kama askari walielewa vibaya. Pengine walielewa kitu cha kweli chenye Janssens mwenyewe hakuona katika maneno yake. Fundisho linagusa musemaji pia: neno likishatoka katika kinywa chako, haliko tena lako peke yako. Mwenye kusema aangalie ni nani anamusikiliza, na yule mutu anatoka wapi.

Picha kwenye ukuta

Wenye walikomaa Lubumbashi katika miaka ya 1970 wanakumbuka picha zenye watu walikuwa wanaweka ndani ya nyumba, kwenye salon. Mumoja wa wachoraji wake, Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa hapa mwaka wa 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora karibu picha 100 juu ya historia ya inchi, na akazieleza kwa Kiswahili mbele ya mwalimu Johannes Fabian, mwenye alikuwa anafundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian alizitia ndani ya kitabu mwaka wa 1996.

Picha moja yenye watu walinunua sana iliitwa "Colonie belge". Mutu amelazwa chini, askari mweusi anamuchapa fimbo, Mzungu anasimama pembeni anaangalia, wanawake wanalia. Ni picha ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji; kila mutu angekuambia hivyo. Lakini ilinunuliwa wakati wa Mobutu. Muzee aliiangalia akakumbuka baba yake. Kijana aliiangalia akafikiri juu ya askari wenye walimukamata jana barabarani. Picha haikubadilika hata rangi moja, na hakuna mutu angeweza kufungwa juu ya kutundika picha ya Wabelgiji. Watu waliita picha za namna hii "ukumbusho", na kila mumoja alijua mwenyewe alikuwa anakumbuka nini.

Angalia pia Lumumba, mwenye aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, hapa karibu na muji wetu. Katika picha ya kifo chake, Tshibumba alichora misalaba mitatu kwa mbali, juu kwake Lumumba alikuwa sawa Yesu wa inchi hii. Katika nyumba ingine ya Lubumbashi, wakati huohuo, ungekuta baba mwenye sifa zote alimupa Tshombe. Inchi moja, miaka ileile, macho mbalimbali. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa chuo kikuu cha Lubumbashi walifanya kazi ya miaka mingi ya kukusanya kumbukumbu za watu wa muji, na hiyo inatusaidia kuona kitu kimoja: kuelewa tofauti siyo sumu. Inaweza kuwa utajiri. Mutu akiniambia picha inamukumbusha nini, ananifungulia nyumba yake.

Furaha ya mumoja, matukano ya mwingine

Sasa tufike mahali penye kuuma. Tarehe 15 mwezi wa nane 1992, Conférence nationale huko Kinshasa ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mutoto wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza. Mwenye alitoka kwenye kiti hicho alikuwa Nguz a Karl-i-Bond, mutoto wa Katanga. Lubumbashi, watu wenye asili ya Kasai walitoka kwenye barabara wakiimba na kucheza. Wao walisema: demokrasia imeshinda, Mobutu anaanguka. Wakatanga wengi walisikia kitu kingine katika nyimbo zile: wanatucheka, wanafurahi juu ya mutu wetu kuanguka, hapa kwetu.

Wote wawili walikuwa na historia nyuma yao. Wakatanga walikumbuka namna kazi nzuri za Union Minière na za reli zilienda kwa watu wa kutoka mbali. Wenye asili ya Kasai walijua kama baba zao waliletwa na Wabelgiji, wengi wao walizaliwa hapa, hawakujua kijiji kingine. Kama mambo yangeishia kwenye nyimbo, pengine wazee wangekaa chini na kuulizana: nyimbo ile mulitaka kusema nini?

Lakini kulikuwa watu wenye hawakutaka swali hilo liulizwe. Katika mikutano ya siasa, wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu", ni kusema wadudu. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa. Lubumbashi, kisha Likasi, kisha Kolwezi mwaka wa 1993, familia zilikimbilia kwenye gare, zikalala pale wiki na wiki kungojea treni ya Kasai. Zaidi ya watu 100 000 walifukuzwa, na wengi, zaidi watoto, walikufa njiani kwa magonjwa na njaa.

Hapa tuseme wazi, juu tusidanganyane. Haiko kila ubaya unatoka kwa kutosikilizana. Nyimbo ya furaha inaweza kueleweka kwa namna mbili. Lakini mwenye anaita jirani yako mududu, hakuna namna mbili za kumuelewa. Anatafuta uache kumuona jirani kama mutu, juu mududu tunamukanyaga. Neno la namna hiyo, kazi yako si kulifasiria. Kazi yako ni kulikataa.

Beni na Butembo: ugonjwa ao siasa?

Ndugu zetu wa Nord-Kivu na Ituri wako na mufano wao, na ni wa karibu. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, karibu na Beni. Mbele iishe, mwezi wa sita 2020, watu 3 470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa na 2 287 kati yao walikufa.

Wasaidizi walifika na motokari nyingi, na ujumbe mumoja: ugonjwa unaua, njooni mutibiwe. Lakini watu wa Beni walikuwa na swali lao. Tangu mwezi wa kumi 2014 walikuwa wanachinjwa usiku, na hawakuona motokari nyingi vile. Leo kwa nini huruma kubwa hivi? Kisha, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, CENI ilitangaza kama Beni na Butembo hawatachagua pamoja na inchi yote. Watangojea mpaka mwezi wa tatu 2019, na sababu moja yenye ilitolewa ni Ebola. Siku ya kuchagua raisi ilikuwa tarehe 30. Watu walipiga hesabu haraka: raisi atakuwa ameshaapishwa, kura yetu itakuwa ya nini? Kesho yake watu waliandamana, na kituo cha wagonjwa huko Beni kikashambuliwa.

Tayari mbele ya hapo, mwezi wa tisa 2018, wachunguzi waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo. Karibu mumoja kwa wane alisema kama Ebola haiko ya kweli. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, munganga Richard Mouzoko wa OMS, mutoto wa Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo, akiwa kazini hospitalini.

Wasaidizi wengi walisema: watu hawa wanapinga, ni ujinga. Lakini hiyo nayo ilikuwa namna yao ya kuelewa, na haikuwa sawa. Mama wa Beni mwenye alikataa motokari ya wagonjwa hakuwa mujinga. Alikuwa na sababu za kutoamini, na sababu zile zilikuwa na makaburi. Lakini ugonjwa pia haukungojea siasa imalizike. Ulikuwa wa kweli, uliua wenye kuamini na wenye kukataa. Mambo hayo mawili yalikuwa ya kweli pamoja, na kila upande ulishika moja tu. Mahali wasaidizi walikubali kukaa na wazee na wamama, kusikiliza hasira mbele ya kueleza dawa, milango ilianza kufunguka kidogo kidogo.

Tufanye nini mbele ya kupeleka neno?

Hakuna mutu anaweza kusikia bila kuongeza kitu chake. Hata sisi wa redio tunaongeza, na musikilizaji wetu naye anaongeza juu ya yetu. Lakini kuko namna za kupunguza hatari. Hizi njo tunajaribu kufuata sisi wenyewe kazini, na zinaweza kusaidia kila mutu nyumbani, kanisani, kwenye muskiti ao ndani ya kundi la WhatsApp.

Tenga maneno na maana. Sema kwanza: "Alisema hivi", na urudilie maneno yake yenyewe, katika lugha yenye alitumia. Kisha sema: "Mi nilielewa hivi." Ukichanganya hizo mbili, mutu wa tatu atapeleka mawazo yako akisema ni maneno ya ule mutu.

Rudi kwa mwenye kusema. "Yaya, ulisema vile, ulitaka kusema nini?" Hili swali halilipishe kitu, na limeokoa ndoa nyingi. Kama mwenye kusema haonekane, kama ni sauti tu yenye inazunguka kwenye simu, uliza: nani alisema, wapi, siku gani? Kama hakuna jibu, usiipeleke mbele.

Jiulize unabeba nini. Mbele ya kusema "alinitukana", uliza roho yako: kama maneno haya yangesemwa na rafiki yangu, ningeyasikia vilevile? Kama jibu ni hapana, basi kuko kitu chako ndani yake.

Muheshimu mwenye aliona tofauti. Mbele ya kusema ni mujinga ao ni muongo, uliza aliishi nini mpaka aone vile. Kumuuliza siyo kukubali kila kitu. Ebola ilikuwa Ebola, hata mutu aamini nini.

Na neno lenye linageuza watu kuwa wanyama ao wadudu, lisipite kwako. Hata kwa muchezo. Hata kama mwenye kulisema ni mutu wa kabila lako.

Kwa mwisho, turudi uwanjani. Siku Mazembe na Lupopo watakutana tena, kaa karibu na shabiki wa upande ule mwingine. Penalti ikitolewa, mbele ya kulalamika, muulize aliona nini. Pengine hamutasikilizana. Lakini utakuwa umejua kama kwenye kiti cha pembeni yako kulikuwa mchezo mwingine wenye weye haukuuona.